Mshtuko wa Moyo: Tuujue, Tuuzuie



Mara nyingi kwenye matanga tunasikia: "Alikuwa mzima, akaanguka tu." Wengine husema amerogwa. Lakini ugonjwa huu huanza polepole, miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Moyo ni msuli. Unasukuma damu mwilini, na wenyewe pia unalishwa na damu kupitia mishipa yake. Mafuta yakijikusanya ndani ya mishipa hiyo, njia inakuwa nyembamba, kama mfereji wa shamba unaojaa matope. Siku moja mafuta hayo yanapasuka, damu inaganda hapo, njia inaziba. Sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa.

Dalili ni hizi: kifua kubanwa kwa dakika kadhaa, maumivu kwenda mkononi, shingoni, tayani au mgongoni, jasho baridi, kukosa pumzi na kichefuchefu. Akina mama, wazee na wenye kisukari huenda wasiumwe sana kifuani. Wahisi tu uchovu mkubwa na pumzi fupi.

Tusiseme ni vidonda vya tumbo tukangoja kuche. Mgonjwa aketishwe, nguo zilegezwe, asitembezwe, na gari litafutwe mara moja kwenda hospitali. Kila dakika moyo unapoteza nguvu.

Tufanye nini kujikinga?

1. Tupime presha, hata kama hatuumwi. Ikirudia kufika 140/90, tumwone daktari. Dawa zisiachwe kwa sababu tumepata nafuu. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha; tuwaalike mkutanoni.
2. Tuache sigara na ugoro, tupunguze pombe.
3. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Tupunguze mafuta ya kuganda. Sukuma, kunde, maharagwe na matunda tunavyo shambani.
4. Asiyelima wala kutembea sana, atembee haraka nusu saa, siku tano kwa wiki.

Vikundi vyetu vingi vina akiba ya matanga. Ni vizuri. Lakini je, ile ya kukodi gari usiku, mgonjwa akiwa bado hai?

Ya kujadiliana kikundini:
- Ni wangapi kati yetu wanajua presha yao?
- Usiku wa manane, tutampigia nani mwenye gari, na atalipwa kutoka mfuko gani?