Nyumba ya likizo Lubumbashi: mbele ya kununua, ni nani atabakia mule?

Kila mwaka, mu mwezi wa 7 na wa 8, uwanja wa ndege wa Luano unapokea wana-Lubumbashi wenye walihamia Brussels, Johannesburg, Montréal na kwengine. Likizo ni ya majuma 4 ao 5, na mu muda ule mufupi wengi wanataka kumaliza kitu chenye wamewaza miaka mingi: kununua lupango ao nyumba yao wenyewe, juu wasilale tena kwa shemeji ao mu oteli kila mara wanarudia.

Nia ni nzuri. Lakini mwezi wa 7 unadanganya. Ni katikati ya kipwa, wakati mvua hainyeshe hata siku moja. Barabara ya udongo inapitika, kisima cha jirani kingali na maji, nyasi ni kavu. Mvua inaanza karibu na mwezi wa 11 na inaendelea mpaka mwezi wa 3 ao wa 4. Lupango yenye ilionekana safi mu mwezi wa 7 inaweza kuwa na maji mpaka magotini mu mwezi wa 1, na wakati ule mwenye kuinunua alikwisha kurudi Ulaya.

Nyumba ya namna hii, mwenyewe anailala mwezi mumoja. Miezi 11 yenye kubakia, haiko. Kwa hiyo, kuchagua mahali ni kuuliza wapi nyumba inaweza kukaa salama bila mwenyewe.

Muji mumoja, mitaa haifanane

Lubumbashi iko na komini 7: Lubumbashi, Kampemba, Kenya, Kamalondo, Katuba, Ruashi na Annexe.

Mu komini ya Lubumbashi, zaidi sana kule Golf, bei iko juu. Lakini nyumba ya kule haikose lokateri, juu makampuni ya madini yanatafuta makao ya wafanyakazi wao. Watu fulani wanalipisha nyumba kubwa na kujibakizia vyumba viwili vya nyuma ya lupango kwa siku zao za likizo. Nyumba inalipa zamu wake yenyewe, na haibakie na giza mwaka muzima.

Katuba, Kenya na Kamalondo ni mitaa ya zamani, tangu wakati muji ulikuwa unaitwa Élisabethville. Kule majirani wanajuana. Mutu akivunja kufuli, muzee wa avenue anajua mbele ya jua kutoka. Hatari ya kule ni uriti. Nyumba nyingi ni za baba ao nkambo mwenye alikufa, na mwenye kuuzisha ni mutoto mumoja tu kati ya wengi. Code ya familia inaweka watoto wa marehemu mu kundi la kwanza la wariti na kuwapa robo 3 ya mali. Kama mumoja anauzisha na wengine hawatie sahihi, mununuzi amenunua kesi.

Annexe inazunguka muji. Ndiko kuko nafasi kubwa na bei ndogo, na ndiko wengi wa inje wanavutwa. Ndiko pia kuko mitego mingi. Mahali mengi, udongo unapita kwanza mikononi mwa shefu wa desturi. Sheria ya udongo ya 1973 iliahidi kwamba ordonansi ya Prezida itapanga haki za jamaa za vijiji juu ya udongo wao. Makumi ya miaka ilipita na ordonansi ile haikutoka. Mu pengo lile, lupango moja inauzishwa mara mbili ao tatu, kila mununuzi na karatasi yake. Ndiyo sababu kuta nyingi za muji zimeandikwa kwa rangi kwamba lupango ile haiuzishwe.

Kuko pia madini. Kulingana na Code minier ya 2002 yenye ilitengenezwa upya mu 2018, mali ya chini ya udongo ni ya serikali, hata kama juu yake kuko nyumba yako. Mu mwezi wa 11 wa 2025, maji machafu ya kiwanda kimoja cha madini yaliingia mu mitaa ya Annexe, na serikali ikasimamisha kazi ya kiwanda kile. Mutu mwenye kutafuta lupango pembeni ya muji anapaswa kuangalia kwanza karte ya CAMI, ofisi ya kadastri ya madini, juu ajue kama mahali pale pako ndani ya permi ya kampuni.

Wengine wanapenda kwenda mbali zaidi: kando ya ziwa Kipopo, Likasi yenye iko kilometa 120 hivi, ao Pweto kwenye ziwa Moero. Ni pazuri kwa kupumuzika. Lakini zamu analipwa miezi 12, paa inaharibika bila mutu kuona, na kama mwizi anaingia, hakuna ndugu wa kukimbia kule usiku.

Karatasi yenye inahesabika

Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa 7 1973, yenye ilirekebishwa mu 1980, ilijenga msingi: udongo wote ni wa serikali, na mutu anapewa haki ya kuutumia, yenye inaitwa konsesio. Haki ile inahakikishwa na karatasi moja tu, certificat d'enregistrement, yenye watu wanaita kwa kifupi sertifika. Inatolewa na konservateri, mukubwa wa serikali mwenye kuchunga kitabu cha haki za udongo.

Fishi ya kata, karatasi ya shefu, hata kontra ya kuuzisha yenye imepita kwa notere, zote zinasaidia kuonyesha namna mambo ilipita. Hakuna hata moja yenye inachukua nafasi ya sertifika.

Na kuko hesabu moja yenye mutu wa inje hapaswe kusahau. Miaka 2 kisha sertifika kutoka, ni vigumu sana kuiondoa mu tribinali. Mwenye amepoteza anaweza kubakia na njia ya kuomba kulipwa tu, si kurudishiwa lupango. Mutu mwenye anakuja Lubumbashi kila miaka 3 anaweza kukuta mwengine alikwisha kupata sertifika juu ya lupango yake, na muda ulikwisha kupita wakati yeye alikuwa anatuma makuta ya kufyatua matofali.

Paspoti inabadilisha haki

Hapa ndipo wengi wanashituka. Kulingana na Katiba ya 2006, uraia wa Kongo ni mumoja na hauchanganywe na mwengine. Sheria ya uraia ya 2004 inasema kwamba mwenye kupata uraia wa inchi ingine anapoteza ule wa Kongo. Kwa hiyo, mutu mwenye alizaliwa Kamalondo lakini leo iko na paspoti ya Ubelgiji, mbele ya sheria ni mugeni.

Na sheria ya 1973 iliwekea raia wa Kongo peke yao konsesio ya milele. Mugeni anapewa konsesio ya kawaida, ya miaka 25, yenye inaweza kuongezwa. Si haki ya bure: miaka 25 ni mingi, na mutu anaweza kujenga na kulala mu nyumba yake. Lakini lazima karatasi iseme ukweli, juu siku ya uriti ao ya kesi, upande mwengine utatafuta kosa lile la kwanza. Mwenye kuishi inje na karte ya sejuri tu, bila kubadilisha uraia, angali mu-Kongo na haki zake zote.

Shauri la rafiki wa Nairobi halisaidie hapa. Kenya, tangu Katiba ya 2010, inakubali uraia wa inchi mbili, na hata asiye raia anaweza kukodi udongo mpaka miaka 99. Kila inchi iko na sheria yake.

Jina la nani?

Juu ya kukwepa swali la paspoti, ao kwa haraka tu, wengi wanaandikisha lupango kwa jina la ndugu mwenye alibakia. Tuseme mama mumoja mwenye anafanya kazi ya kutunza wazee kule Brussels. Mudogo wake anamupigia simu: “Yaya, lupango iko, tuma makuta, nitaandika kwa jina yangu kwanza, tutageuza kisha.” Anatuma. Nyumba inajengwa, picha zinafika kwa WhatsApp, kila mutu anafurahi. Kisha mudogo anakufa. Mbele ya sheria, nyumba ni ya mudogo, na wariti ni watoto wake. Yaya anaweza kuonyesha risiti zote za kutuma feza. Jina lake haliko mu sertifika.

Mudogo yule pengine hakuwa mwizi. Sheria inasoma jina, haisome moyo. Mwenye hawezi kufika mwenyewe anaweza kutoa prokurasio yenye imepita kwa notere ao kwa ambasade: ndugu anatia sahihi, lakini kwa jina la yaya.

Mbele ya kutoa makuta

Komisioneri atasema kwamba kuko mun´nunuzi mwengine mwenye anakuja kesho asubuyi. Anasema vile kila siku. Mbele ya kumujibu, kuko hatua zenye hazigharimu sana.

Kuomba kopi ya sertifika na kuuliza konservateri kama inapatana na kitabu chake. Lubumbashi iko na zaidi ya ofisi moja ya konservateri, basi lazima kwenda kwenye inachunga mahali pale.

Kama muuzishaji ni muriti, kuona wariti wote na kupata sahihi zao.

Kulala usiku mumoja kwa jirani wa pale, ao kutuma ndugu alale, juu ya kujua kama umeme wa SNEL unafika, na maji ya REGIDESO yanatoka saa ngapi.

Na kungoja mvua. Kama likizo haiwezekane mu mwezi wa 1, ndugu anaweza kwenda pale kisha mvua kubwa na kupiga video, na viatu vyake vionekane. Lupango yenye inapita mutihani ule, pamoja na sertifika na mutu wa kubakia mule, itakuwa ingali pale mu mwezi wa 7.