Fahamu: Kidirisha cha faiawoli kinachokwamisha simu za kompyuta
Mtu anapiga simu ya video ya kwanza kwa programu mpya ya kuchati kwenye kompyuta ya Windows, mara kidirisha kinachomoza: iruhusiwe kwenye mitandao binafsi, au ya umma? Wengi hughairi na kuendelea na shughuli zao.

Tatizo huanzia hapo. Kughairi si kuahirisha: faiawoli huweka kanuni inayoizuia programu kupokea miunganisho kutoka nje, na kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Ndiyo maana mtu huongeza ruhusa mpya na asione mabadiliko yoyote. Sharti kwanza aifute ile ya zamani kwenye orodha ya kanuni za kuingia.

Meseji kwa kawaida haziguswi, kwa sababu programu yenyewe ndiyo huanzisha mawasiliano, aghalabu kupitia poti namba 443, na majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Simu ndizo huyumba, kwani mara nyingi hujaribu kuunganisha vifaa viwili moja kwa moja.

Hakuna haja kabisa ya kuzima faiawoli nzima. Inatosha kuruhusu mtandao wa nyumbani pekee. Kwenye Wi-Fi ya hoteli au mgahawa zuio libaki; simu nyingi bado zitapita, zikipitishwa kwenye seva za kampuni husika.