Waya wa Mbu Uliotoboka

Msomaji, ikiwa dirisha lako lina waya wa mbu, simama nje jioni taa ikiwaka ndani, uutazame. Tundu la kupita kalamu lamtosha mbu kuingia. Hapa Isiolo mvua ikizidi mbu huwa wengi, na mwaka wa 2021 homa ya Bonde la Ufa, ambayo mbu huieneza, iliwapata watu na mifugo katika kaunti yetu.

Nyuzi zikiwa zimesogea tu, zirudishe kwa ncha ya msumari. Zikiwa zimekatika, kata kiraka kinacholizidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Chomoa nyuzi tatu za ukingoni kila upande, hata ncha zibaki kama meno ya kitana. Zipinde, uzipenyeze katika waya wa zamani, kisha uzilaze kwa upande wa pili. Mimi kwanza niliona kazi hiyo ni ndefu, nikashona kwa uzi wa pamba. Jua likauozesha upesi.

Waya wa plastiki haupindiki. Ushone kwa mshipi wa kuvulia samaki. Halafu kagua pembe za fremu, maana misumari iking'oka hapo, kiraka hakizuii kitu.