Uraibu ni maradhi: Wazazi wa Tarime na Serengeti waanzie wapi?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tarime



Miongoni mwa mambo yanayoletwa mbele ya kamati za misikiti katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti, limo moja ambalo waletaji wake hulisema kwa sauti ya chini. Mzazi husubiri watu watawanyike baada ya Swala ya Isha, kisha husema kwamba kijana wake ameshindwa kuacha pombe, au bangi imemharibu akili, au amerudi kutoka mjini akiwa anatumia unga. Mara nyingi mzazi huyo huwa amekwishajaribu kila alilolijua. Amegombeza, amefukuza, amemsamehe, amempeleka kwa mganga na amemfungia ndani. Kitu ambacho hajapata kuambiwa ni mlango upi wa tiba aubishe kwanza. Makala hii inakusudia kumwonyesha mlango huo, pamoja na kuikumbusha jamii wajibu wake kwa mgonjwa.

Hukumu ya kilevi na haki ya mlevi

Hukumu ya ulevi haina utata kwetu. Aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida zimeharamisha pombe na kubainisha madhara yake, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila chenye kulevya kina hukumu hiyo hiyo. Kwa msingi huo, gongo, bangi, mirungi na heroini haziwezi kutafutiwa upenyo.

Hata hivyo, ni vyema tukazingatia jinsi hukumu hiyo ilivyoteremka. Aya ya 219 ya Suratul Baqara ilitaja kwanza kwamba madhara ya pombe ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha aya ya 43 ya Suratun Nisaa ikawakataza waumini kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Katazo la moja kwa moja likaja mwisho, katika Suratul Maida. Mola aliyeumba nafsi anajua jinsi kilevi kinavyoishika. Leo haramu ni haramu kamili na hakuna anayesubiri aya nyingine, lakini anayemsaidia mraibu ajue kwamba anapambana na kitu chenye mizizi.

Imepokewa pia katika Sahihi ya Imamu Bukhari habari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume kwa kosa la kunywa pombe, naye akiadhibiwa. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume (S.A.W.) akakataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Basi tujiulize kwa nini kijana wa aina hiyo huitwa teja hata mlangoni mwa msikiti, na kwa nini dada yake hukosa mchumba kwa sababu yake.

Mazingira tunayoishi

Wilaya zetu zina mitihani yake. Bonde la Mto Mara upande wa Tarime limejulikana kwa miaka mingi kwa kilimo cha bangi, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikifanya operesheni za kuteketeza mashamba hayo. Sirari ni mpaka wenye pilikapilika, na mirungi ambayo upande wa Kenya ni biashara halali, upande wetu ni dawa ya kulevya iliyokatazwa na sheria. Nyamongo kuna dhahabu, na penye dhahabu pana vijana wenye fedha ya leo wasiyo na hakika ya kesho. Mugumu ni mji wa watalii, na baadhi ya kazi za hoteli na kambi humweka kijana karibu na chupa kila siku.

Aidha, gongo inapikwa kwa siri licha ya kuharamishwa na sheria za nchi tangu miaka ya 1960. Viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini pombe kali za bei nafuu hazikutoweka. Pombe inayopikwa bila kipimo huweza kuchanganyika na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Mtu aliyekunywa kisha akalalamika kwamba haoni vizuri, apelekwe hospitali saa ile ile.

Msifunge mgonjwa kwa kamba

Kabla hatujafika kwenye anwani, lipo jambo moja linalogusa uhai. Familia nyingi huamini kwamba dawa ya mlevi ni kumfungia chumbani mpaka pombe imtoke. Kwa mtu aliyekunywa kila siku kwa miezi au miaka, kukatiza ghafla bila tabibu kunaweza kumuua.

Mwili uliozoea pombe ukikosa pombe huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi ndani ya saa chache. Katika siku mbili za mwanzo mgonjwa anaweza kushikwa na degedege kama mwenye kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, kupata homa, na moyo kwenda mbio. Hapo ndipo jirani husema amepandwa na jini.

Kamati yetu iliwahi kuitwa nyumbani kwa familia moja ambako kijana fundi pikipiki alikuwa amefungwa kwa kamba siku ya tatu. Alikuwa akipiga kelele kwamba nyoka wanamtambaa miguuni. Wazee walitaka asomewe, naye akasomewa, kisha tukakodi gari tukampeleka hospitali usiku ule. Alitundikiwa maji na kupewa dawa za kutuliza na vitamini, na baada ya siku kadhaa akaweza kukaa, kula na kuzungumza. Ruqya ni sunna na hatuidharau, lakini Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha kusoma dua ndiye aliyetuamrisha kutafuta matibabu, na kutufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake. Mbili hizo ziende pamoja.

Kila kilevi na njia yake

Wengi wamesikia kuhusu methadoni, wakadhani ni dawa ya kila uraibu. Si hivyo. Methadoni hutumika kwa walioathirika na heroini na dawa za jamii yake. Aliyetekwa na pombe, bangi au mirungi hapewi methadoni, na mzazi atakayemsafirisha mbali kwa ajili hiyo atapoteza nauli.

Kwa pombe, hatua ya kwanza ni hospitali, ili kuacha kufanyike chini ya uangalizi. Hospitali ina dawa zinazoutuliza mwili katika siku hizo za hatari, kwa hiyo mgonjwa halazimiki kuendelea kunywa kidogo kidogo. Kisha hufuata ushauri nasaha wa muda mrefu.

Kwa bangi, hakuna dawa ya kuichukulia nafasi. Msaada mkubwa ni ushauri nasaha, shughuli ya kufanya na kubadilisha marafiki. Lakini kijana akianza kusikia sauti, kuhisi watu wote wanamwinda au kuzungumza peke yake, huo ni ugonjwa wa akili unaohitaji daktari na dawa, wala asiachiwe akidhaniwa kuwa ni utundu. Mwenye mirungi naye hufuata njia hiyo hiyo.

Kwa heroini, kuacha ghafla huleta maumivu makali ambayo vijana huyaita arosto. Maumivu hayo mara chache huua, ila hatari huja baadaye. Aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, anaweza kuacha kupumua. Kwa huyu methadoni ni msaada mkubwa. Hapa Tanzania Bara huduma hiyo ilianzia Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na kwa Kanda ya Ziwa ilifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, Mwanza, mwaka 2018. Hutolewa bila malipo. Mwanzoni mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu kila siku, na ndiyo sababu familia ya Tarime au Mugumu hulazimika kutafuta ndugu wa kumpokea Mwanza kabla ya safari. Sisi tunaitazama kama dawa inayotolewa na tabibu kwa kipimo, na anayeitumia hastahili kuambiwa kwamba amebadilisha kilevi kimoja kwa kingine.

Ngazi za kupanda

Kwa familia iliyoko kijijini, ngazi ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya, ambako itapata barua ya rufaa. Ngazi ya pili ni hospitali: kwa wakazi wa mjini Tarime ni Hospitali ya Mji, na kwa wa Serengeti ni hospitali zilizoko Mugumu, ikiwemo Hospitali Teule ya Nyerere. Mkifika, ulizeni mhudumu wa afya ya akili. Msione haya kulitaja neno hilo, kwa kuwa uraibu hutibiwa katika kitengo hicho.

Ngazi ya tatu ni Musoma, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa. Anayetoka Mugumu huifikia kwa barabara ya Nata na Butiama. Ngazi ya nne ni Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, yenye idara ya magonjwa ya akili.

Asiye na uwezo wa kulipa aende na barua ya serikali ya mtaa au kijiji kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwaombea msamaha wa gharama wasiojiweza. Kadhalika wapo wazazi wanaohofia kwamba kumpeleka kijana hospitali ni kumkabidhi polisi. Kazi ya tabibu ni kutibu, na siri ya mgonjwa ni amana kwake.

Baadhi ya ndugu huuliza kama inafaa kutibiwa katika hospitali za makanisa, kwani Bugando na Hospitali Teule ya Nyerere ni za aina hiyo. Mtume (S.A.W.) katika safari ya Hijra alimwajiri Abdullahi bin Uraiqit awaongoze njia, naye hakuwa Muislamu, kwa sababu alikuwa mjuzi na mwaminifu. Tabibu mjuzi na mwaminifu naye anachukuliwa vivyo hivyo.

Kabla ya kulipia soba hausi

Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi, na nyingi zipo katika miji mikubwa. Wakazi wake huishi humo kwa miezi, wakisaidiwa mara nyingi na watu walioacha dawa zamani. Zipo nzuri, na zipo ambazo mzazi angejuta kumpeleka mwanawe. Kabla ya kutoa fedha, aulize yafuatayo:

Je, nyumba imesajiliwa na inatambuliwa na Mamlaka? Je, kuna mhudumu wa afya anayemwona mgonjwa katika siku za mwanzo? Je, wakazi hupigwa au kufungwa minyororo? Je, gharama zote zimeandikwa? Je, familia inaruhusiwa kumtembelea? Je, kijana ataruhusiwa kuswali na kufunga? Na akitoka, nani atamfuatilia?

Mamlaka ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na namba ya simu isiyolipiwa ni 119. Mzazi aulize huko kabla hajauza ng'ombe.

Wajibu wa msikiti

Jamii za Kiislamu za pwani zimetutangulia katika hili. Mombasa, jumuiya ya MEWA, iliyoanzishwa na Waislamu kwa ajili ya elimu na ustawi, imekuwa ikiendesha kituo cha kuwatibu waraibu. Zanzibar, vijana walioacha unga wenyewe walianzisha soba hausi za kuwasaidia wenzao. Sisi wa Mara ni wachache na mifuko yetu ni midogo, lakini yapo tunayoweza bila ya kujenga kituo.

Kwanza, kila msikiti uteue watu wawili wanaoaminika, mwanamume na mwanamke, watakaopokea habari hizi kwa siri. Mwanamke ni wa lazima, kwani mabinti wanaotumia vilevi hufichwa zaidi kuliko wavulana na hufikishwa kwa tabibu wakiwa wamechelewa. Pili, watu hao wawafahamu wahudumu wa afya ya akili wa hospitali iliyo karibu, ili familia isipotee njiani. Tatu, sehemu ya sadaka itengwe kwa nauli na chakula cha mgonjwa na anayemsindikiza.

Nne, na hili ndilo tunaloliona gumu kuliko yote, tujiandae kumpokea anaporudi. Kijana aliyeacha kilevi akirejea kwenye kijiwe kile kile, bila kazi na bila anayemsalimia, hatakaa muda mrefu. Apewe shughuli hata ya kusimamia maji ya udhu, akae safu moja na wenzake, na akiteleza arudishwe hospitali upesi. Kurudia ni jambo la kawaida katika maradhi haya, kama homa inavyoweza kurudi kwa mgonjwa, na haina maana kwamba tiba ya kwanza ilipotea bure.

Kwa mzazi anayesoma ukurasa huu akiwa na mgonjwa ndani, ushauri wetu ni kwamba aende zahanati au hospitali iliyo karibu kesho asubuhi. Na akiona dalili za hatari tulizozitaja, basi asingoje hiyo asubuhi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye vijana wetu, awape wazazi subira, na atujaalie tuwe msaada kwa ndugu zetu. Wabillahi tawfiq.