Majoka Baada ya Miaka 1,300

Mwaka 2019, katika filamu ya tatu ya How to Train Your Dragon, kijana Hiccup alimruhusu rafiki yake Toothless, lile joka jeusi, aende zake pamoja na jamii yake yote katika ulimwengu uliofichika chini ya bahari, ili wanadamu wasizidi kuwaudhi. Na watoto wengi, na wazazi wao pia kama watasema kweli, waliondoka na machozi machoni.

Hekaya ikiisha kufungwa kwa kufuli ya namna hiyo, atakaye kuiendeleza hana ila kurudi nyuma ajaze mapengo baina ya filamu na filamu, jambo ambalo DreamWorks, watengenezaji wa filamu hizo, walikuwa wamekwisha kulifanya kwa katuni za televisheni, au kuruka mbele. Wakaruka miaka 1,300. Katika The Nine Realms, silsila iliyoanza Desemba 2021 ikakoma 2023 baada ya vipindi 52, hamna tena mashujaa wa Berk, kijiji cha Hiccup, na mapanga yao, bali watoto wa zama zetu hizi za simu na kompyuta, wakaao na wazazi wao wataalamu kando ya ufa mkubwa uliofunguliwa ardhini na nyota ya mkia. Na humo ndimo Tom, mvulana wa nasaba ya Hiccup, anamomkuta joka.

Waama, mtungaji anayeihamishia hadithi ya kale katika zama za sasa huwa amebeba amana mbili: lazima aeleze ile ajabu ilikuwa imejificha wapi muda wote huo, na lazima aonyeshe athari zilizoachwa duniani na visa vya kwanza. Amana ya kwanza The Nine Realms imeitimiza; ya pili, kwa maoni yangu, imeipoteza, kwani liondoe jina la Hiccup na hadithi itasimama vile vile bila ya kuyumba. Linganisha na The Legend of Korra ya mwaka 2012, iliyoruka miaka 70 tu baada ya Avatar: The Last Airbender: mle, hata mji wenyewe, na motokaa zake na redio zake, ni tunda la suluhu waliyoifanya mahasimu wa hadithi ya awali, na fitina zake ni deni lililobakia.

Nimeyawaza hayo kwa sababu sisi wa Eldoret ufa tunao, wala haukuhitaji nyota kuanguka: panda gari hadi Iten, mwendo usiotimia saa moja, usimame ukingoni, utaliona Bonde la Kerio limelala chini kabisa, na ukungu wa asubuhi ukifunika usichokijua. Na wa kukaa humo pia yupo. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, alimwandika zimwi chemosit kuwa ni nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na (wasomaji wanisamehe) makalio tisa, ajikongojaye kwa fimbo mfano wa mkuki, na ambaye mdomo wake mwekundu hung'aa usiku kama taa, huku akiimba, hata watoto wakadhani kuna ngoma, wakaifuata nuru ile, wasirudi.

Hapo ndipo penye kazi kwa mchoraji wa katuni wa kwetu. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Taa zinawaka usiku kucha, na muziki hautoki tena msituni, hutoka katika kila matatu. Mtoto wa leo ataijuaje nuru ya chemosit katikati ya nuru zote hizi, na chemosit naye, akiisha kuzoea giza, atakuwa amejifunza hila gani mpya? Kama kogo, yaani bibi yako, alikuwa na jibu, liandike, na mchoraji apelekewe.