Mashindano ya Tahajia Marekani (2): Zaidi ya Kukariri Kamusi

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi gazeti moja la mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, lilivyoungana na mengine mwaka 1925 kuanzisha mashindano ya kitaifa ya tahajia kwa watoto wa shule. Tuliona pia jinsi Frank Neuhauser, mvulana wa miaka 11, alivyotwaa ubingwa wa kwanza kwa neno "gladiolus", ambalo ni jina la ua. Leo tutazame mashindano hayo yanavyoendeshwa, maana wengi hudhani ni kazi ya kukariri kamusi tu.

Msimamizi wake tangu mwaka 1941 ni kampuni ya Scripps, na washiriki ni wanafunzi wasiozidi darasa la nane. Mtoto husimama mbele ya kipaza sauti, msomaji akalitamka neno, naye akalitaja herufi moja moja. Anaweza kuanza upya, ila herufi aliyokwisha kuitaja haibadiliki. Akikosea, kengele hulia na anatoka.

Kabla ya kuanza, hata hivyo, anaruhusiwa kuuliza maana ya neno, aina yake, mfano wa sentensi, na lugha lilikotoka. Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito. Kiingereza hupokea maneno ya wageni yakiwa bado yamevaa nguo za kwao. Neno la Kigiriki lenye sauti ya f kwa kawaida huandikwa kwa ph. Herufi ch husomwa kama k katika maneno mengi ya Kigiriki, na kama sh katika yale ya Kifaransa. Kwa hiyo anayejua asili ya neno hukisia kwa hoja, hata kama hajawahi kuliona.

Mfano mzuri ni fainali ya mwaka 2023. Dev Shah, mwenye miaka 14, kutoka Florida, alipewa neno "psammophile", yaani kiumbe kinachostawi kwenye mchanga. Herufi p ya mwanzo haisikiki kabisa. Kijana huyo aliuliza kwanza kama sehemu ya mwanzo ni ya Kigiriki, yenye maana ya mchanga, na kama ya pili inahusu kupenda. Alipopata uhakika akalitaja neno zima bila kosa, akaondoka na dola 50,000.

Waandaaji nao waliona kwamba herufi peke yake hazitoshi. Mwaka 2019 watoto wanane waligawana ubingwa kwa sababu hakukuwa na neno la kuwashinda. Mashindano ya mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya Uviko. Yaliporejea mwaka 2021, yaliongezewa maswali ya maana za maneno, pamoja na raundi ya mwisho ya kupimana kasi iwapo mshindi hapatikani.

Je, Kiswahili kinahitaji mashindano ya aina hii? Tahajia yetu, iliyosanifiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, hufuata matamshi kwa karibu sana. Makosa ya wanafunzi wetu mara nyingi huanzia mdomoni: anayetamka "zambi" huandika hivyo badala ya "dhambi", na anayechanganya r na l hukosea vilevile kwenye daftari. Wengine hutenganisha yanayopaswa kuunganishwa, wakaandika "ana soma" badala ya "anasoma". Kumtajisha mtoto herufi jukwaani hakutatibu hayo.

Shule zitakazopenda kuandaa mashindano ya Kiswahili zisiige kengele ya Wamarekani, bali maswali ya mtoto kabla ya kujibu. Mshiriki aulizwe maana ya neno, ngeli yake, asili yake na matumizi yake katika sentensi, na asikilizwe anavyolitamka. Walimu wa Kiswahili wanaweza kuanza na darasa moja tu, bila kusubiri mfadhili.

Wiki ijayo tutaeleza jinsi watoto wa familia zenye asili ya India walivyokuja kutawala mashindano haya, kuanzia ushindi wa Balu Natarajan mwaka 1985.