Barua ya Elephantine na barua zilizo mezani kwetu



Tangu turudi kutoka Misri, kila parokia tunayofika, iwe Masisi au Walikale, inatuuliza habari za piramidi. Tuseme mapema: piramidi tuliziona kwa mbali tu, kupitia dirisha la basi. Jambo lililotugusa lilikuwa kusini kabisa, kwenye kisiwa kidogo ambacho hakuna aliyetuuliza habari zake.

Mkutano wetu wa Kairo ulipokwisha, tulipanda treni ya usiku mpaka Aswan. Ni mji wa mpakani, ule ambao nabii Ezekieli anautaja (29:10) anapotaka kuonyesha mwisho wa nchi ya Misri. Pale mto Nile unapita kati ya mawe makubwa, na katikati ya maji kuna kisiwa kiitwacho Elephantine. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Rutshuru, alishuka majini akanawa mikono, akasema haya ni maji ya kwao. Ni kweli: mto Rutshuru unaingia ziwa Edward, maji yanatoka kwa jina la Semliki, yanafika ziwa Albert, na kutoka pale yanaitwa Nile. Sisi wa Walikale tulinyamaza, maana maji yetu yanashuka na mto Lowa kwenda Lualaba. «Ninyi mtanawa kule Banana,» akatuambia.

Kisiwani kuna mabaki ya hekalu la Khnum. Wamisri walimchora na kichwa cha kondoo dume, wakaamini kwamba ndiye mfinyanzi aliyeumba watu kwa udongo, na kwamba mafuriko ya Nile yako mkononi mwake. Mpaka leo kuna ngazi za mawe zinazoshuka majini, zenye alama za kupimia mto umepanda kiasi gani. Maji yakipanda vizuri, mavuno yalikuwa mazuri, na kodi vilevile. Kuna pia mlango mkubwa wa mawe magumu wenye jina la mwana wa Aleksanda Mkuu, umesimama peke yake bila kuta.

Hekalu la Misri tusilifikirie kama kanisa. Halikuwa nyumba ya kukusanyikia. Lilikuwa nyumba ya mungu: kuhani aliingia asubuhi, akaiosha sanamu, akaivika nguo, akaiwekea chakula, akafunga mlango. Mwananchi wa kawaida alibaki uani, na chumba cha ndani hakukiona maisha yake yote.

Sasa, karibu kabisa na hekalu hilo la Khnum palikuwa na hekalu lingine, la Mungu wa Israeli. Shuleni kwetu theolojia tulilisikia kwa dakika tano, tukaandika tarehe, tukafaulu mtihani. Kusimama mahali penyewe ni jambo lingine. Kisiwa kile kilikuwa ngome ya mpakani, na Wayahudi waliishi humo kama askari pamoja na wake na watoto wao. Hatujasoma popote kwamba walikuwa watu wa kusifiwa kwa kila kitu. Torati, katika Kumbukumbu 12, ilitaka dhabihu itolewe mahali pamoja tu, na hawa walikuwa na madhabahu yao ng'ambo. Tena kuna orodha yao ya matoleo, majina ya wanaume na wanawake, kila mmoja shekeli mbili, na mwishoni sehemu ya fedha hiyo inatengwa kwa ajili ya miungu mingine. Lakini walijiita watu wa Mungu, na walipolia walimlilia yeye.

Tunajua haya kwa sababu barua zao zilipatikana. Wachimbaji wa Kijerumani walizifukua kisiwani kati ya 1906 na 1908, zimeandikwa kwa Kiaramu kwenye karatasi za mafunjo. Ndani yake kuna mambo ya kawaida: fulani amenunua nyumba, mpaka wake upande wa mashariki ni jirani fulani, binti fulani ameolewa na fundi Mmisri, huyu amekopa nafaka. Watu wa dini mbili waliishi ukuta kwa ukuta na kuoana. Halafu wakaanza kugombana. Wayahudi wanalalamika kwamba makuhani wa Khnum wamejenga ukuta katikati ya ngome na kuziba kisima ambacho askari wote walikitumia. Ardhi, maji, na dini juu yake. Msomaji wa Masisi hahitaji tueleze zaidi. Wataalamu wengine wanaongeza kwamba Pasaka, pamoja na kuchinja kondoo mlangoni pa mungu mwenye kichwa cha kondoo, iliwaumiza Wamisri. Inawezekana. Sisi tunaona kwamba kisima peke yake kingetosha.

Mwaka 410 Kabla ya Kristo, liwali Mwajemi aliyetawala Misri alikuwa amesafiri kwenda kwa mfalme. Kwa maneno ya Wayahudi wenyewe, makuhani wa Khnum walimpa rushwa mkuu wa mahali pale, aliyeitwa Vidranga. Huyo akamwandikia mwanawe, kamanda wa askari wa Aswan, aje alibomoe hekalu. Askari walikuja na silaha zao. Walivunja nguzo za mawe na milango mitano ya mawe ya kuchongwa. Paa la mwerezi wakalitia moto. Mabakuli ya dhahabu na fedha wakayabeba.

Tulisimama pale mahali, juani, na mzee mmoja wa kanisa tuliyekuwa naye akauliza: «Waliandika hata bawaba za milango?» Ndiyo, waliziandika: bawaba za shaba. Mzee alitikisa kichwa. Kanisa lake kule karibu na Nyabiondo lilibaki bila mabati, bila madirisha, bila hata benchi moja, na hakuna aliyeandika yalikuwa mabati mangapi.

Wakaona ni lazima waandike barua. Walimwandikia gavana wa Yudea na Yohanani kuhani mkuu wa Yerusalemu, huyo ambaye Nehemia 12 inamtaja. Wakasubiri. Walivaa magunia, wakafunga, wake zao wakakaa kama wajane, mafuta hawakujipaka, divai hawakunywa. Ukapita mwaka, wa pili, wa tatu. Yerusalemu haikujibu neno.

Kwa nini? Wasomi wanadhani makuhani wa Yerusalemu hawakupenda hekalu lile tangu mwanzo, kwa sababu ya Torati tuliyoitaja. Kuwajibu ndiyo kungekuwa kukubali kosa. Kuwajibu hapana kungekuwa kuwavunja moyo ndugu walioumia. Basi wakachagua njia ya tatu, ambayo viongozi wa kanisa tunaijua sana: kuiacha barua mezani.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 407, Yedania na wenzake makuhani wa kisiwani waliandika tena. Safari hii walimwandikia gavana wa Yudea, wakamweleza wazi kwamba barua ya kwanza haikupata jibu. Wakaongeza kwamba habari hizo wamewapelekea pia wana wa Sanbalati, gavana wa Samaria. Ndiyo, Sanbalati yuleyule aliyempinga Nehemia. Kuhani mkuu akinyamaza, mtu anabisha hata mlango wa adui wa Nehemia. Na jibu likaja, kutoka kwa gavana wa Yudea pamoja na mwana mmoja wa Sanbalati. Ni maneno machache: hekalu lijengwe tena mahali pake kama zamani, na watu watoe humo sadaka ya unga na uvumba. Dhabihu ya kuteketeza wanyama haikutajwa, na katika barua nyingine viongozi wa kisiwa wanakubali kwamba kondoo, ng'ombe na mbuzi hawatateketezwa tena. Hati ya nyumba ya mwaka 402, inapotaja majirani wa nyumba hiyo, inalitaja hekalu tena kama mpaka wake.

Lakini halikudumu. Waajemi walipopoteza Misri, jumuiya ile inapotea katika maandishi, na baadaye hekalu la Khnum likajengwa upya kwa ukubwa zaidi. Leo mgeni anaonyeshwa vipande vya sakafu tu. Anayetafuta ushindi pale hataupata.

Jambo moja zaidi kuhusu barua ya Yedania, ndilo lililotunyima usingizi ndani ya treni ya kurudi. Barua yenyewe ilipelekwa Yudea, na huko haijaonekana. Zilizofukuliwa kisiwani ni nakala, mbili, moja imesahihishwa kidogo. Watu waliochomewa nyumba ya Mungu walikaa chini wakaandika, wakasahihisha, wakanakili upya, wakaweka nakala nyumbani. Bila nakala zile, maneno ya barua ile yasingetufikia leo.

Na sisi? Mwanzoni mwa 2025 kambi za kandokando ya Goma zilipobomolewa, familia nyingi zilirudi Masisi, nyingine zikavuka upande wa Walikale. Barua zikaanza kutufikia. Moja ililetwa na mama aliyetembea siku mbili, imekunjwa ndani ya Biblia. Parokia yake imerudi na kukuta kuta tu. Wanauliza: wajenge palepale, au wajenge kule walikokimbilia, ambako sasa nusu ya waumini wamebaki? Parokia nyingine inauliza kama inaruhusiwa kuabudu chini ya turubai moja na ndugu wa dhehebu lingine, na matoleo yagawanywe vipi. Maswali magumu. Tulisema tutayapeleka kikaoni. Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya barabara, kikaahirishwa tena kwa sababu ya mapigano. Barua zilibaki mezani kwetu zaidi ya miezi saba.

Tulijiona kuwa Yedania, watu walioonewa, mpaka pale kisiwani tulipogundua kwamba katika hadithi hii sisi tumekaa kwenye kiti cha Yohanani.

Tumejibu sasa, zote nne. Majibu si marefu kuliko yale ya gavana. Wa kwanza tumewaambia wajenge palepale, na walio upande wa pili wawe na kanisa dogo chini ya parokia ileile, wasihesabiwe kuwa wamehama. Wa turubai tumewaruhusu, na matoleo yasomwe mbele ya watu wote kabla ya kugawanywa. Kwa kila parokia tumeomba kitu kimoja: katibu pamoja na wazee waandike vyote vilivyokuwamo kanisani, mabati, mbao, madirisha, ngoma, vitabu vya ubatizo, hata bawaba, na wabakize nakala. Nyabiondo wameshatuma ya kwao. Kurasa tatu, kwa kalamu ya bluu, na mabati ni sitini na manane.